Aliyebuni boksi la Brillo naye atajwe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzetu aliyedai kwamba kazi za Andy Warhol wa Marekani si sanaa, kwa kuwa ni picha za matangazo zilizochapwa kwa skrini kama fulana za kampeni. Kwa ufundi, hakukosea. Kitambaa chepesi huwambwa kwenye fremu, mahali pasipotakiwa wino huzibwa kwa dawa inayoganda kwa mwanga, kisha wino husukumwa kwa ubapa wa mpira hadi upenye palipoachwa wazi. Hata hivyo, tazama alichokifanya mwaka 1962, baada ya kifo cha mwigizaji Marilyn Monroe: aliichukua picha iliyopigwa kuitangaza filamu ya mwaka 1953, akairudia mara 50, nusu kwa rangi kali na nusu kwa wino mweusi unaovuja mahali pengine na kufifia pengine, hadi sura inakaribia kutoweka. Chapa hizo mwenye karakana ya fulana angezitupa; Warhol aliziacha makusudi, na humo ndimo ilimo huzuni ya kazi ile.

Binafsi namweka juu yake Corita Kent, mtawa wa Kikatoliki aliyefundisha sanaa Los Angeles. Mwaka huohuo wa 1962 aliyachukua madoa ya rangi yaliyopamba karatasi ya mkate wa Wonder Bread, na kwa skrini yake yakamkumbusha mtazamaji mkate wa Ekaristi. Miaka miwili baadaye alimsifu Bikira Maria kwa maneno ya tangazo la nyanya, jambo ambalo, bila shaka, halikuwafurahisha wakubwa wote wa Kanisa.

Linaloniudhi mimi ni jingine. Mwaka 1964 Warhol alionyesha jijini New York masanduku ya mbao yaliyochapwa yafanane na maboksi ya Brillo, yale ya sifongo za waya za kusugulia sufuria, na mpaka leo wanafalsafa wanayajadili. Boksi lenyewe lilibuniwa na James Harvey, naye akiwa mchoraji aliyeishi kwa kazi za matangazo, lakini ni nadra kulisikia jina lake. Kwa sababu hiyo niliipokea vizuri hukumu ya hakimiliki ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 2023, ambapo majaji 7 dhidi ya 2 walikubaliana na mpiga picha Lynn Goldsmith kwamba picha ya mwanamuziki Prince, ambayo Warhol aliichapa kutokana na picha aliyoipiga Goldsmith, ilipokodishwa kwa jarida mwaka 2016 ilitumikia kusudi lilelile la picha ya awali. Wako wanaohofia kwamba hukumu hiyo itawafunga wasanii mikono. Sioni hivyo, kwani majaji walijadili ukodishaji ule, hawakuigusa haki ya kuichora picha yenyewe.

Ombi langu kwa wanaoandika habari za sanaa katika gazeti lako ni dogo: wanapoitaja kazi ya namna hii, wamtaje pia, kama anajulikana, mtu aliyeibuni picha ya kwanza.

Msomaji wako,
Tanga