Bosi wangu husoma maombi ya kazi kuanzia nyuma

Hujambo Shangazi,

Mimi ni karani katika kampuni ya vifaa vya ujenzi hapa Nakuru. Kazi yangu ni risiti, simu na, tangu mwaka jana, kupokea bahasha za wanaoomba kazi. Hizo bahasha ndizo zinazoninyima usingizi.

Bosi hasomi barua kwanza. Hutafuta nakala ya kitambulisho, na si upande wenye picha. Kule nyuma, kama unavyojua, pameandikwa wilaya, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo. Akishapasoma, ama anaweka nukta ya penseli kwenye kona ya bahasha, ama haweki. Zenye nukta nazitia kwenye katoni iliyo chini ya meza yangu; wenye zile nyingine ndio ninaowapigia simu. Ukitoa kopi ya upande wa mbele peke yake, naambiwa nikupigie ulete na wa nyuma, eti maombi hayajakamilika.

Aliponielekeza mara ya kwanza alisema tu, "Hawa wa mbali watasumbuka na nauli." Nikaamini. Halafu siku moja nikatazama anwani. Mwenye nukta alikuwa anakaa Kaptembwa, matatu moja tu mpaka mlangoni petu. Aliyeitwa alikuwa anatoka Molo.

Kabila hajawahi kulitaja, wala sitarajii kama atalitaja. Ana maneno yake: "huyu hataelewana na wateja", "huyu atatuletea siasa". Wanawake nao wana nukta yao. Wengi wetu bado tunaandika kwenye sivii kwamba tumeolewa na tuna watoto kadhaa, sijui nani alitufundisha hivyo. Akiona mtoto wa miezi minane hafungui ukurasa wa pili. "Akibeba mwingine, miezi mitatu ya likizo na mshahara juu, nani atalipa?"

Wenye nukta hunipigia. "Madam, bado hamjaita?" Mimi hujibu kwamba nafasi imeshajazwa, hata kama tangazo lingali limebandikwa getini.

Sasa sikiliza langu. Baba yangu ni mtu wa Vihiga, kule magharibi, si wa jamii ya bosi. Mimi nilizaliwa Njoro na kitambulisho nilichukulia huku, kwa hiyo nyuma yake hapana neno lolote la Vihiga. Na mbele natumia jina la mume wangu, ambaye ni wa jamii ya bosi. Kabla sijaolewa niliisugua lami ya mji huu miaka mitatu kwa jina la baba, na sikuitwa popote zaidi ya mara mbili. Nilipobadilisha jina nikaitwa wiki hiyohiyo. Nilimshukuru Mungu, nikadhani ni maombi ya mama. Leo najua niliponea kwenye kona ya bahasha. Bosi hajui, na akiwasema "hao watu" mbele yangu mimi hucheka na wengine. Mwezi wa kwanza 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa darasa la sita na tulilala uwanja wa maonyesho pamoja na wakimbizi wengine, kwa sababu ya jina hilohilo. Ungedhani ningekuwa na uchungu zaidi.

Wiki hii tunatafuta karani wa stoo. Bahasha zimekuja 14. Bora kuliko zote ni ya binti mmoja mwenye diploma ya ununuzi na ugavi, aliyefanya kazi ya stoo miaka minne Eldoret. Ina nukta. Nimeambiwa niwaite watano waje siku ya Ijumaa, na kati yao mmoja hana cheti hata cha kompyuta.

Sheria nimeisoma. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakataza ubaguzi hata kwa anayeomba kazi tu, na kinasema mwajiri ndiye wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Ile ya 2008 inayozuia jamii moja kuzidi thuluthi ya wafanyakazi ni ya ofisi za umma, sisi haitugusi. Lakini nikienda ofisi ya leba nitaonyesha nini? Nukta ya penseli? Hata raba inaimaliza. Na yule binti hatashtaki kitu asichokijua.

Mume wangu kazi yake ya maua kule Naivasha iliisha mwezi wa tatu, kwa hiyo karo na kodi ni mimi. Yeye ananiambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Rafiki yangu anasema niifute ile nukta, nimwite binti awe wa sita, nijifanye nimekosea kuhesabu. Naogopa. Bosi atamtazama, atamuuliza "kwenu ni wapi hasa?", naye atarudi nyumbani akidhani alishindwa kujibu maswali, kama nilivyodhani mimi miaka ile mitatu. Tena nauli atakuwa ameitumia.

Nimwite? Nimpigie kwa simu yangu mwenyewe nimweleze ukweli, na akitaka kwenda mbele niwe shahidi wake? Au nipige picha zile bahasha kimya kimya kabla ya katoni kutupwa? Leo ni Jumanne. Simu natakiwa nizipige kesho kutwa asubuhi.

Mimi wako,
Karani, Nakuru