Barua kwa Kaka Eliya kuhusu Bendi ya Kikosi cha 369

Dar es Salaam

Mpendwa Kaka Eliya,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba kwaya ya matarumbeta ya usharika wenu inaandaa jioni ya kuwaenzi wapulizaji wa zamani. Umeniomba nipendekeze kundi moja la kupewa nafasi kubwa, nami sikuhitaji kufikiri sana: ipeni bendi ya Kikosi cha 369 cha askari wa miguu wa Marekani, iliyoongozwa na James Reese Europe.

Watu hao, kama wanakwaya wako, walikuwa na kazi nyingine za kuwapatia riziki. Kikosi chao kilianzishwa New York mwaka 1916 kama Kikosi cha 15 cha jeshi la akiba la jimbo hilo, jeshi la raia wanaofanya mazoezi kwa vipindi kisha wakarudi kwenye shughuli zao (tafadhali usiwafananishe na mgambo wanaofukuza wamachinga). Kilikuwa kikosi cha watu weusi, wengi wao wapagazi, mabawabu na waendesha lifti, na kwa kuwa bunduki zilichelewa, walijifunza gwaride wakiwa wamebeba mipini ya mifagio. Europe mwenyewe alikuwa tayari mashuhuri, kwani mwaka 1912 aliongoza okestra ya wanamuziki weusi katika ukumbi wa Carnegie Hall. Kanali William Hayward, mkuu wa kikosi, alipomtaka aunde bendi, alijibu kuwa bendi nzuri haiundwi bila fedha, na tajiri mmoja, Daniel Reid, akatoa dola 10,000. Wapigaji wa klarineti walipokosekana Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, alisafiri hadi Puerto Rico mwaka 1917 na kuandikisha vijana wa huko, akiwamo Rafael Hernández, aliyekuja kuwa mtunzi mkubwa wa nyimbo. Naomba hao wa Puerto Rico watajwe kwa sauti, maana wasimulizi wengi huwaruka.

Mwaka huohuo kikosi kilinyimwa nafasi katika gwaride la kuwaaga askari wa New York waliokuwa wakienda kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Walipopelekwa mazoezini Spartanburg, South Carolina, Noble Sissle, mwanamuziki na msaidizi wa karibu wa Europe, alipigwa hotelini kwa sababu tu hakuvua kofia alipoingia kununua gazeti. Askari waliokuwapo walitaka kulipiza hapohapo, lakini Europe akawaamuru watoke nje kwa utulivu.

Walishuka Brest, Ufaransa, tarehe 1 Januari 1918, wakapiga wimbo wa taifa wa Wafaransa kwa namna yao, hata wenyeji wakachukua muda kuutambua. Jeshi la Marekani likawakabidhi kwa jeshi la Ufaransa, na kikosi kikakaa siku 191 katika mstari wa mbele. Europe, akiwa luteni wa kikosi cha bunduki za rashasha, alilazwa hospitalini baada ya kuvuta gesi ya sumu. Siku hizo 191 ndizo husemwa sana, na bendi huachwa iwe pambo la hadithi ya vita. Mimi naona hapo tunawapunja.

Sikiliza kisa hiki, kitawafaa vijana wako. Baada ya onyesho la Paris, kiongozi wa bendi mashuhuri ya kijeshi ya Wafaransa, Garde Républicaine, aliazima nota za kipande kimoja. Kesho yake alirudi akilalamika kuwa wanamuziki wake hawakuweza kuitoa ile sauti, na Wafaransa wakavichunguza vyombo vya wageni wakidhani vimetengenezwa kwa namna ya pekee. Kumbe siri ilikuwa kinywani: mpulizaji alitia kizibo (kifaa cha kubadilisha sauti) kwenye mdomo mpana wa mbele wa tarumbeta, akazungusha ulimi huku akipuliza kwa nguvu zake zote. Europe alieleza pia kwamba ilimbidi afanye mazoezi ya mara kwa mara ili kuwazuia watu wake wasiongeze vionjo kuliko alivyotaka. Najua utacheka, kwa sababu hilo ndilo lalamiko lako kila wiki.

Tarehe 17 Februari 1919 walipita Fifth Avenue, barabara kuu ya New York, wakipiga nyimbo za gwaride za Kifaransa, na walipoingia Harlem tu ndipo wakabadilisha muziki, familia zao zikawapokea kwa shangwe. Mnamo Mei mwaka huo Europe aliuawa Boston, usiku wa onyesho, kwa kuchomwa kisu na mpiga ngoma wake mwenyewe. Jiji la New York likamfanyia mazishi ya heshima, naye akazikwa katika makaburi ya taifa ya Arlington. Sheria ya kukitunuku kikosi Nishani ya Dhahabu ya Bunge la Marekani ilitiwa saini mwaka 2021, na kwa kuchelewa hivyo sijui kama naweza kuiita hisani.

Kwa hiyo nashauri hotuba ziwe fupi, hata ya mgeni rasmi, na muda mwingi utumike kupuliza. Jaribuni ile mbinu ya ulimi katika kipande kimoja tu, mwingine asije akasema mmeacha nyimbo za Mungu. Nijulishe tarehe mapema niombe ruhusa kazini, na uniambie kama mna vizibo vya tarumbeta au nitafute huku Kariakoo.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako katika Kristo,
Amani