Kioo kirefu si dawa ya upepo

Mhariri,

Wenye pikipiki kubwa za safari, mfano BMW GS, upepo ukiwatikisa helmeti hukimbilia kununua kioo kirefu cha mbele, kile cha kukinga upepo. Mara nyingi wanaongeza tatizo. Nyuma ya kioo hewa huwa na mgandamizo mdogo, hivyo upepo wa juu na ule unaopanda kati ya shokapu za mbele huingia hapo kwa fujo na kumpiga dereva kidevuni.

Afadhali kibawa cha plastiki kinachobanwa ukingoni mwa kioo, kikiachwa na mwanya wa sentimita 2 hadi 3 ili hewa ipite na kujaza ile nafasi. Wengi huuziba mwanya huo, kisha wanalalamika wametupa hela!

Upepo ukitoka chini, funga vibawa viwili ubavuni mwa shokapu. Zungusha usukani hadi mwisho, kulia na kushoto: visiguse tangi wala mipira ya breki.

Bano la kibawa cha kioo liwe na mpira, skrubu zikazwe kwa vidole tu, maana akriliki, plastiki ngumu ya kioo hicho, hupasuka. Petroli usiisafishie kamwe, hata fundi akikushauri. Huacha nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Ukingo wa juu ubaki chini ya usawa wa macho, la sivyo usiku wa mvua hutaona barabara.

Fundi pikipiki,
Arusha