Mauzo hayatoshi kupima ukubwa wa bendi ya roki

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu hoja inayojirudia kila bendi kongwe ya roki inapotajwa: kwamba bendi iliyouza mamilioni ya albamu na bado inapigwa redioni miaka 50 baadaye lazima iwe kubwa kimuziki, kwa kuwa kizuri chajiuza. Naipinga hoja hiyo, na naipinga kwa kuzipenda bendi hizo hizo. Inazidhulumu, kwa sababu inatufanya tuhesabu nakala badala ya kusikiliza kilichopigwa.

Tuanze na hesabu zenyewe, maana hata hizo hazisomwi sawasawa. Nchini Marekani vyeti vya mauzo hutolewa na RIAA, chama cha kampuni za kurekodi. Dhahabu ni nakala 500,000, platinamu ni 1,000,000 na almasi ni 10,000,000. Tangu mwaka 2016, nyimbo za albamu zikisikilizwa mtandaoni jumla ya mara 1,500 huhesabiwa kama albamu moja. Na albamu ya zamani yenye santuri mbili huhesabiwa mara mbili. Ndiyo maana The Wall ya Pink Floyd, ya mwaka 1979, ina platinamu 23 ilhali nakala zake ni milioni 11.5. Back in Black ya AC/DC, ya mwaka 1980, ni santuri moja. Ilipofikisha platinamu 25 mwaka 2019, hizo zilikuwa milioni 25 bila kuhesabiwa mara mbili. Anayeweka 23 karibu na 25 akasema bendi hizi zinakaribiana, hajaona kwamba moja imeizidi nyingine zaidi ya maradufu.

Albamu iliyokuwa na cheti kikubwa kuliko zote mwaka 2018 ilikuwa ya Eagles, platinamu 38. Nayo ni mkusanyiko wa nyimbo kumi zilizokwisha kutoka kwenye albamu zao za awali na zikachaguliwa kwa sababu zilikwisha kupendwa. Ni nyimbo nzuri, na sauti zao zinapoungana ni kazi ya watu waliofanya mazoezi hasa. Lakini cheti kile kinatuambia mnunuzi alitaka nini kwa bei ya albamu moja, si bendi iliweza nini.

Chati nazo zina kasoro zake. Hadi Mei 1991, chati ya albamu ya jarida la Billboard ilitegemea maduka kuulizwa ni zipi zinazotoka zaidi, na mwenye duka akapanga kwa makadirio yake. Mwezi huo zikaanza kutumika hesabu za mashine za malipo zinazosoma msimbopau, na ghafla rap, kantri na metali zikapanda. Wasikilizaji hawakubadilika kwa wiki moja. Kipimo ndicho kilichobadilika. Tena, tangu mwaka huo hadi mwishoni mwa 2009, albamu za zamani ziliondolewa kwenye chati kuu na kuwekewa chati yao. The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyokuwa imekaa humo wiki 741 kati ya 1973 na 1988, ikawa haionekani ingawa ilizidi kununuliwa. Albamu hiyo hiyo ilishika namba moja Marekani kwa wiki moja tu.

Jambo zito zaidi ni kwamba umaarufu hujizalisha wenyewe. Mwaka 2006 jarida la Science lilichapisha jaribio la Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts. Watu zaidi ya 14,000 waliwekewa nyimbo 48 za bendi zisizojulikana. Baadhi yao walichagua bila kujua wenzao wamechagua nini. Waliobaki waligawanywa katika makundi manane, kila kundi likiona ni nyimbo zipi zimepakuliwa zaidi ndani ya kundi hilo. Nyimbo zile zile, lakini washindi walitofautiana kutoka kundi hadi kundi. Zilizo bora kabisa hazikuanguka vibaya ila kwa nadra, na zilizo mbovu kabisa hazikupanda sana. Hapo wanaonipinga wana haki yao. Ila kwa nyimbo za katikati, ambazo ndizo nyingi, kupanda au kushuka kulitegemea sana nani alizigusa kwanza.

Redio hufanya vivyo hivyo kwa makusudi. Vituo vya roki ya zamani hupima nyimbo kwa kuwachezea wasikilizaji sekunde chache za sehemu inayotambulika haraka, kisha kuuliza kama wangependa kuusikia wimbo huo. Usiojulikana hupata alama ya chini, hupigwa mara chache, na jaribio lijalo unajulikana hata kidogo zaidi. Bendi yenye albamu nane hubaki na nyimbo tano au sita. Msikilizaji anayesema zimedumu kwa sababu bado zinapigwa amesahau kuuliza kama nyingine zilipewa nafasi ya kudumu.

Tazama Bohemian Rhapsody ya Queen. Mwaka 1976 iliishia nafasi ya tisa Marekani. Mwaka 1992, baada ya kifo cha mwimbaji wake Freddie Mercury Novemba 1991 na baada ya wimbo huo kuwekwa kwenye filamu ya vichekesho, ilifika nafasi ya pili. Rekodi ilikuwa ile ile ya 1975, yenye tabaka la sauti juu ya tabaka kwenye kanda yenye njia 24 za kurekodia. Hakuna noti iliyobadilika. Kama chati inapima ukubwa wa muziki, ukubwa huo ulitoka wapi katikati ya miaka hiyo 16?

Upande wa pili uko wazi pia. Albamu ya kwanza ya The Velvet Underground, ya 1967, haikupita nafasi ya 171 Marekani ilipotoka. Albamu ya The Kinks ya 1968 kuhusu kijiji na uwanja wake haikuingia kwenye chati ya Uingereza wala ya Marekani ilipotoka. Big Star walitoa albamu yao ya kwanza 1972 na wakaponzwa na usambazaji: waliosoma sifa zake magazetini walikwenda dukani wakaikosa. Leo mpiga gitaa anayejifunza jinsi ya kuunganisha gitaa mbili zenye sauti ya kung'aa bila kuziba sauti ya mwimbaji atarudi kwa Big Star atake asitake. Na mwaka huo wa 1967, The Monkees walikuwa na albamu nne zilizoshika namba moja Marekani, mbili za kwanza zikiwa zimepigwa kwa sehemu kubwa na wapigaji wa kukodiwa studioni. Katika ya tatu walipiga vyombo wenyewe, na wanastahili sifa kwa kuipigania nafasi hiyo. Lakini mauzo yasingekuonyesha tofauti hiyo.

Basi tupime kwa nini? Kwa kilichomo ndani ya rekodi, ambacho mtu yeyote mwenye masikio anaweza kuonyeshwa.

Chukua Kashmir ya Led Zeppelin, ya 1975. Gonga mguu ukifuata ngoma za John Bonham: moja, mbili, tatu, nne. Sasa mkono ufuate gitaa na vyombo vya nyuzi kama fidla: zinazunguka kwa mapigo matatu. Vitu hivi viwili hukutana tena mwanzoni baada ya mapigo 12. Mvutano huo ndio unaoufanya wimbo uonekane unatembea bila kufika, na ungekufa papo hapo kama Bonham angelifuata gitaa, jambo ambalo mpiga ngoma asiyejiamini hulifanya. Au chukua When the Levee Breaks ya bendi hiyo hiyo, ya 1971. Wimbo wenyewe si wao; Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie waliurekodi 1929. Chao ni sauti ya ngoma. Mhandisi Andy Johns aliweka ngoma chini kwenye ukumbi wa nyumba ya Headley Grange, akaning'iniza maikrofoni mbili juu kwenye ngazi, akaacha mwangwi wa nyumba ufanye kazi, akaibana sauti kwa mashine ili kubwa na ndogo zikaribiane, na kuongeza mwangwi wa mashine. Weka maikrofoni karibu na kila ngoma, kama ilivyo kawaida, na ukubwa ule unatoweka, kwa sababu chumba hakisikiki tena. Sauti hiyo ilichukuliwa na Beastie Boys mwaka 1986 wakajengea wimbo wa rap. Huo ni ushahidi wa kudumu: mtu wa fani nyingine, miaka 15 baadaye, alihitaji kitu kilichokuwa humo tu.

Haki hiyo hiyo inatudai tuulize kilichokopwa. Whole Lotta Love ya Led Zeppelin ilileta kesi ya Willie Dixon, mtunzi wa blues aliyedai umekopwa kwake, mwaka 1985, ikaishia kwa maridhiano, na jina lake likaongezwa miongoni mwa watunzi. Chati ya 1969 haikuwa na la kusema juu ya hilo.

Strawberry Fields Forever ya The Beatles iliunganishwa kutoka rekodi mbili, ya 7 na ya 26, zenye kasi na ufunguo tofauti. Mtayarishaji George Martin na mhandisi Geoff Emerick walibadilisha kasi ya kanda hadi zikakubaliana. Kiungo kiko karibu na dakika ya kwanza. Sikiliza hapo utaona rangi ya sauti ya John Lennon inavyogeuka kuwa nzito. Uingereza singo hiyo ilikwama nafasi ya pili, ikizuiwa na Release Me ya Engelbert Humperdinck.

Anayetaka kulinganisha bendi mbili kwa haki asawazishe kwanza kiwango cha sauti. Rekodi iliyo juu kidogo tu, hata kwa desibeli moja, sikio huiona bora, na matoleo mapya ya albamu za zamani mengi yameongezwa sauti hadi vilele vya ngoma vimekatwa. Programu nyingi za muziki zina sehemu ya kusawazisha sauti kwenye mipangilio; iwashwe. Kisha isikilizwe albamu nzima, si mkusanyiko: mara ya kwanza besi peke yake, mara ya pili ngoma, mara ya tatu mwimbaji. Kosa la kawaida ni kuanza na mwimbaji. Maneno tunayoyajua huleta kumbukumbu zetu, tukaishia kuupima ujana wetu. Halafu nyimbo zisizopigwa redioni zisikilizwe kwa uzito ule ule. Bendi ambayo besi yake inafuata tu noti ya msingi ya kila kordi (noti zinazopigwa pamoja), albamu baada ya albamu, inaweza kuwa na nyimbo mbili tamu sana na bado isiwe bendi kubwa.

Kwa hiyo, Mhariri, nawaomba waandishi wa kurasa zako za muziki, wanapoiita bendi kubwa, wataje wimbo, wataje dakika, na waseme ni chombo gani kinafanya nini hapo. Msomaji atakwenda kusikiliza mwenyewe, akubali au akatae.

Msomaji wako