Probu hujibu kile tu ilichoulizwa

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vipimo vya vinasaba nimeisoma kwa furaha, maana ni nadra kazi yetu ya maabara kuandikwa kwa lugha inayoeleweka. Ila pale mliposema mashine hizi hazikosei, nimeshindwa kunyamaza.

Vipimo hivi hutegemea probu, kipande kifupi cha DNA kinachotengenezwa kiwe pacha wa mfuatano wa herufi za DNA unaotafutwa: A hushikana na T, nayo G hushikana na C. Ninazozipenda zaidi ni zile zinazojikunja kama pini ya nywele, ncha moja ina rangi inayong'aa, nyingine ina kizimio. Ikiwa imejikunja, giza. Ikimpata pacha wake hunyooka, rangi ikaachana na kizimio, mwanga ukatoka. Kwenye skrini mstari uliokuwa umelala chini muda wote unaanza kuinuka. Nimeuona mara nyingi mno, na bado moyo hunidunda.

Kipimo cha TB kilichoidhinishwa na WHO mwaka 2010 kina probu tano za namna hii, zinazofunika herufi 81 za jeni iitwayo rpoB. Moja ikikataa kushika, yaelekea herufi zimebadilika na rifampisini, dawa ya TB, haitafua dafu. Jibu hutoka kwa saa mbili hivi, wakati kuotesha vimelea huchukua wiki kadhaa. Hilo ni jambo kubwa sana kwa mgonjwa.

Lakini kumbukeni Sweden mwaka 2006. Iligundulika aina ya klamidia, bakteria wa ugonjwa wa zinaa, iliyopoteza herufi 377, tena mahali palepale ambapo baadhi ya vipimo vilikuwa vinaangalia. Watu wenye maambukizi walikuwa wakiambiwa hawana. Mashine zilikuwa nzima kabisa. Kilichotafutwa ndicho hakikuwepo, mdudu mwenyewe alikuwepo.

Kinyume chake pia hutokea. Aliyemaliza dawa za TB na kupona anaweza kuonekana bado anayo, kwa sababu probu hushika hata DNA ya vimelea vilivyokwisha kufa. Ndiyo maana kipimo hicho hakitumiki kufuatilia matibabu.

Kwa hiyo naomba, mnapoandika kuhusu majibu hasi, andikeni kwamba mfuatano uliotafutwa haukuonekana. Na mwambieni msomaji ambaye dalili zake haziishi arudi kwa daktari, hata kama karatasi mkononi mwake inasema hana kitu.

Mtaalamu wa maabara