Ukuta wa zamani hauoshwi kama gari

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu linauzwa dukani kwa ami yangu Darajani na sijawahi kuwaandikia hata mstari, lakini ile habari ya wiki mbili nyuma kuhusu vijana wetu wanaosafisha majumba ya zamani ya matofali huku Uingereza, ile yenye picha mbili, kabla na baada, imenikosesha usingizi. Mmeandika kwa furaha kabisa eti ukuta uliokuwa mweusi zaidi ya miaka mia umekuwa mwekundu kwa siku mbili tu. Siku mbili! Mie kazi hiyo nimeifanya miaka 19, na hizo siku mbili mnazozisifia ndo zilizonitisha.

Kwanza ule weusi wenyewe mlitakiwa mueleze ni nini. Ni masizi ya makaa ya mawe, moshi wa viwanda na wa majiko ya majumbani, umejishika ukutani miaka na miaka. Desemba 1952 moshi huo ulitanda London siku tano, watu wakafa kwa maelfu, mpaka 1956 ikatoka sheria ya hewa safi. Hata nyumba ya waziri mkuu wao, namba 10 Downing Street, matofali yake ni ya manjano jamani. Walipoikarabati miaka ya sitini masizi yakatoka ikaonekana rangi ya asili, lakini watu washaizoea nyeusi, basi wakaipaka rangi nyeusi na iko hivo hadi leo. Yani weusi peke yake hauui nyumba. Kinachoua ni yule anayekuja kuutoa kwa pupa.

Tofali la kuchoma la zamani lina ngozi, ni kama mkate wa boflo, juu pagumu ndani laini. Ile ngozi imetokana na moto wa tanuri na ndo inayozuia mvua. Ukilipiga mchanga kwa kompresa unatoa masizi na ngozi pamoja, na kijana wenu kwenye picha ameshika bomba la mchanga, naliona wazi.

Najua ninachosema kwa sababu bomba hilo nimelishika mie. Mwaka wangu wa pili huku kampuni moja ilinichukua kusafisha skuli ya zamani ya matofali mekundu, orofa mbili, ya zama za Malkia Victoria, bosi amechukua kazi kwa bei ya chini kwa hiyo anataka tumalize tuondoke, hakuna aliyejaribu hata kipande kidogo pembeni kuona tofali linastahimili nini, tukafunga jukwaa Jumatatu tukaanza kupiga. Vumbi jekundu lilijaa uwanja mzima mpaka kwenye madirisha ya majirani, na ukuta ukawa unang'aa, mwalimu mkuu akatoka na kamera, nami nikafurahi kama wengine. Tukalipwa tukaenda zetu. Baridi ya kwanza haikutokea kitu. Baridi ya pili nilikuwa napita mtaa ule, mzee anayetunza skuli akanikumbuka, akaniita akanipeleka nyuma ya jengo akanionesha ndoo mbili zimejaa vipande vyembamba vyekundu kama magamba ya changu. Zilikuwa nyuso za matofali. Maji yaliingia kwa kuwa ngozi haipo, usiku yakaganda, yakiganda yanavimba, yakausukuma uso wa tofali ukabanduka. Ukipitisha kidole ukutani unatoka na unga. Akanambia kila asubuhi ya barafu anafagia, na watoto amewakataza kucheza upande ule. Yeye alidhani mie nilikuwa wa kubeba mabomba tu. Nikamwambia hapana, upande huu nimeupiga mie kwa mikono yangu. Akanyamaza, halafu akaniuliza kama ile ngozi inaweza kurudishwa. Hairudi. Ukishaitoa ushaitoa, tofali la mwaka 1880 na kitu huwezi kulirudisha tanurini.

Na asidi mmeitaja kwa sentensi moja kama vile ni sabuni ya vyombo. Asidi ya chumvi inakula chokaa, na majengo yale yameungwa kwa chokaa, kwa hiyo unasafisha tofali huku unalegeza kinacholishikilia. Ile nyingine ya hidrofloriki ndo mbaya zaidi, inapenya ngozi ya mtu inatafuta kalsiamu kwenye mifupa, saa nyingine maumivu yanakuja baadae wakati madhara yashatokea. Kijana mliempiga picha hana hata glavu. Mama yake akisoma gazeti lenu anajua nini?

Kazi yenyewe ikifanywa vizuri ni ya subira. Unaanza na brashi laini na maji kidogo, ikishindikana unaleta mashine ya mvuke inayopasha maji hadi nyuzi 150 lakini presha yake ndogo, unakwenda kipande kwa kipande, na panapotosha unaacha hata kama pamebaki kivuli cha masizi. Na jengo likiwa limeorodheshwa kisheria kuwa la kulindwa unaweza kuhitaji kibali kabla hujagusa.

Halafu nikigeuka nyumbani Zanzibar naona yaleyale. Mji Mkongwe uko kwenye urithi wa dunia tangu 2000, nyumba zake ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na chokaa inapumua, unyevu ukiingia unatoka. Siku hizi ukuta ukichubuka kidogo fundi anapiga lipu ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya saruji, miaka michache lipu inabanduka na jiwe linakuja nalo, na dawa inakuwa kuongeza saruji nyingine! Bibi yangu hakusoma uhandisi lakini kila mwaka kabla ya Ramadhani alichemsha chokaa yake akapaka nyumba nzima, na ukuta wake haukuwahi kumeguka. Juzi nimetumiwa video mtu anapiga ukuta wa zamani Shangani kwa mashine ya kuoshea gari, watu chini wanaandika "safi sana". Nimeiangalia mara moja nikaizima.

Basi mie nashauri hivi. Huku na huko, yeyote anayetaka kusafisha jengo la zaidi ya miaka 80 asafishe kwanza kipande cha dhiraa moja kwa dhiraa moja, upande wa uani, halafu akiache. Huku kipite baridi mbili, Zanzibar kipite masika na vuli. Baada ya hapo aje fundi mwengine, asiwe wa kampuni ileile, apitishe kidole. Kidole kikitoka na unga, hapati kazi, na kipande kile kibaki vivohivo na tarehe yake wengine wakione.

Na nyinyi mwandishi wenu mrudisheni kwenye ule ukuta baada ya baridi mbili, apige picha ya tatu palepale aliposimama mwanzo, muichape ukurasa uleule kwa ukubwa uleule. Nauli akikosa nitamlipia mie.

Wenu msomaji,
Fundi wa majumba ya zamani, mzaliwa wa Malindi Unguja
Leicester, Uingereza