Ukitaka kuiona Uingereza kwa treni, anza na treni adimu

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nitoe rai kwa wasomaji wanaopanga kuizunguka Uingereza kwa treni, mabasi na feri ili waone mandhari yake. Wengi hushauriwa wanunue kwanza pasi ya reli, yaani tiketi moja ya safari nyingi, ndipo wafungue ramani. Nasema waanze na ratiba, tena ratiba ya zile njia zenye treni za kuhesabu. Kati ya London na Edinburgh treni hufuatana mchana kutwa. Ukikosa hii utapata ile. Kwenye reli za milimani na pwani ya magharibi, ukiachwa umeachwa.

Chukua mfano wa reli ya West Highland huko Scotland, kutoka stesheni ya Glasgow Queen Street hadi Mallaig. Safari ni ya zaidi ya saa tano, na treni zinazofika mwisho wa njia ni tatu au nne kwa siku, Jumapili hata pungufu. (Anayetoka kusini mwa England hushukia Glasgow Central, stesheni nyingine kabisa, kwa hiyo aweke muda wa kutembea na mizigo katikati ya mji.) Pale Crianlarich treni nyingi hugawanywa: mabehewa mengine huenda Oban, mengine Fort William na Mallaig. Asiyesikiliza tangazo hujikuta Oban, mji mzuri, ila siko alikolipia chumba.

Upande wa kuketi nao si jambo dogo. Ukitoka Glasgow keti kulia, maana Loch Lomond (loch ni ziwa) iko huko. Mkifika Fort William usihame. Reli inaishia stesheni, na treni hutoka kwa kurudi ilikotokea kabla ya kushika njia ya Mallaig, kwa hiyo dirisha lililokuwa kulia sasa liko kushoto. Huko ndiko Loch Shiel inakoonekana treni inapopinda juu ya daraja la Glenfinnan lenye matao 21. Treni ya mvuke iitwayo Jacobite hupita hapo hapo, lakini tiketi yake ni ya peke yake na huwahi kuisha. Ukiikosa usihuzunike, treni ya kawaida inavuka daraja lile lile kwa nauli ya kawaida.

Kutoka Mallaig, feri huvuka hadi Armadale, kisiwani Skye. Basi hukupeleka Kyle of Lochalsh, na treni nyingine hukatiza milima hadi Inverness kwa saa mbili na nusu hivi. Mzunguko huu ndio bora kuliko yote nchini, na ndio unaoangusha wengi. Sababu ni kwamba vyombo hivi havisubiriani. Upepo ukichafuka feri husitishwa, mabasi ya Skye Jumapili hupungua mno, na treni za Kyle ni nne hivi kwa siku. Panga kinyumenyume: tafuta kwanza treni itakayokutoa Kyle, kisha basi la kuiwahi, kisha feri ya kuliwahi basi. Ukiona unategemea treni ya mwisho ya siku, gawa safari ulale Mallaig au Skye.

Kuna na suala la mwanga, ambalo ratiba haisemi. Mwezi Juni huko Fort William jua huzama saa nne usiku, lakini Desemba huzama kabla ya saa kumi jioni. Kwa hiyo wakati wa baridi treni ya mchana kutoka Glasgow hufika Fort William giza likiingia, na daraja la Glenfinnan utalivuka bila kuliona. Msimu huo panda ya asubuhi au usihangaike.

Njia nyingine ni rahisi zaidi. Ya Leeds hadi Carlisle, iliyonusurika kufungwa mwaka 1989, hupita juu ya matao 24 ya daraja la Ribblehead na haihitaji hesabu kubwa. Wales, reli ya pwani hadi Pwllheli huweka bahari kushoto ukielekea kaskazini na kuvuka daraja la mbao la Barmouth. Hapo pia treni hugawanywa, Machynlleth, na vituo vidogo vingine ni vya kuomba: walio chini wanyooshe mkono, walio ndani wamwambie kondakta mapema. Kusini, ukitoka Exeter kwenda Plymouth keti kushoto. Reli ya Dawlish, mji ulio njiani hapo, iko ukingoni mwa bahari kiasi kwamba dhoruba ya Februari 2014 iliisomba, ikafunguliwa tena Aprili. Keswick, katika eneo la maziwa, haina reli tangu 1972. Shukia Windermere upande basi namba 555.

Sasa ndiyo zamu ya tiketi. Zile za bei nafuu ziitwazo Advance hutolewa kwa kawaida wiki 12 hivi kabla ya safari, na zinafaa kwa treni uliyoichagua tu. Huruhusiwi kushuka njiani ukapige picha kisha upande inayofuata. Kwa safari ya kushuka-shuka, tiketi ya Off-Peak (ya nje ya saa za msongamano) kwa kawaida inafaa zaidi, ingawa ni ghali. Pasi ya BritRail haiuzwi kwa mkazi wa Uingereza, na inalipa pale tu unaposafiri mbali karibu kila siku. Ukikusudia kubaki Scotland, pasi ya Spirit of Scotland ina faida zaidi kwa sababu inajumuisha pia feri za kampuni ya CalMac na baadhi ya mabasi. Kwa England, mabasi mengi ya kawaida nje ya London hayazidi pauni 3 kwa safari moja.

Kabla ya kulipa, kagua tena wikiendi zako. Ukarabati wa reli hufanywa zaidi Jumapili, treni hubadilishwa kwa mabasi, na basi hupita barabara kuu ambako hakuna cha kutazama. Tarehe 25 Desemba usipange kwenda popote. Treni karibu zote husimama.

Msomaji wenu